Kwenu mabeki mnaotaka kuhama kila dirisha la usajili likifunguliwa

Wanangu,

Nimechoka kusikia jina la Gabriel Heinze, beki wa zamani wa Argentina, likigeuzwa kisingizio. Msimu huu mmoja wenu kawekwa benchi mechi chache tu, akamfuata wakala aliyemwahidi timu ng'ambo, akasaini karatasi juu ya boneti ya gari bila kuisoma. Sasa huku hayupo, huko hayupo, na usajili umefungwa. Kumuuliza, ananijibu: "Babu, mbona Heinze alihamahama?"

Alihama, ndiyo. Mtoto wa Crespo, mkoa wa Entre Ríos, alianzia Newell's Old Boys ya Rosario, akaenda Valladolid, Sporting ya Lisbon kwa mkopo, Paris Saint-Germain, Manchester United, Real Madrid, Marseille na Roma. Lakini mbona hamtaji kazi aliyoiacha huko? Mwaka 2004 alitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Athens, na msimu wake wa kwanza United mashabiki wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Beki wa kushoto huyo! Septemba 2005 akaumia goti dhidi ya Villarreal, karibu msimu mzima ukampita, na Januari akasajiliwa Patrice Evra kwenye nafasi ileile. Akapona, akacheza Kombe la Dunia la 2006, na mwaka 2007 akawa bingwa wa Uingereza.

Sasa tulieni mnisikilize. Kiangazi hicho cha 2007 alitaka kwenda Liverpool, mahasimu wakubwa wa United. Mkononi alikuwa na barua ya klabu inayosema ataruhusiwa kuondoka kwa pauni milioni 6.8. Yeye na watu wake waliielewa kwamba anaweza kwenda popote. United wakasema hapana, maana yake ni klabu za nje ya nchi. Kesi ikafika mbele ya jopo la Ligi Kuu, Heinze akashindwa, akaishia Real Madrid. Mchezaji wa timu ya taifa ya Argentina, mwenye wanasheria, alikwama kwa kilichoandikwa na kisichoandikwa kwenye karatasi. Wewe unayesaini umesimama, kalamu ya kuazima, utapona kwa lipi?

Na nyie wazazi mnaopokea simu mpya kutoka kwa wakala kisha mnanyamaza, mnamuuza mtoto. Viongozi wa klabu mnaomnyima kijana nakala ya mkataba wake, hiyo ni dhuluma, na tumeizoea mno.

Mengine kwa ufupi. Jueni nafasi zaidi ya moja. Yeye alicheza kushoto na kati. Pandeni kwenye kona: Juni 12, 2010, Kombe la Dunia, uwanja wa Ellis Park, dakika ya 6, kona ya mwenzake Verón, kichwa cha Heinze, Nigeria wamefungwa 1-0. Jifunzeni lugha ya mnakokwenda. Laleni mapema.

Na mjue kurudi. Mwaka 2012, akiwa na miaka 34, alirudi Newell's, klabu iliyokuwa ikihangaika kukwepa kushuka daraja. Mwaka uliofuata, chini ya kocha Gerardo Martino, wakawa mabingwa wa Torneo Final, ligi ya nusu msimu ya Argentina, na kufika nusu fainali ya Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini.

Mikataba ya wengi wenu inaisha msimu huu. Nileteeni karatasi hizo kabla ya kusaini, tuzisome mstari kwa mstari, na mzazi awepo.

Babu yenu