Godoro kwanza: barua kwa vijana wanaoigiza

Wanangu mnaoigiza, wa jukwaani na wa mbele ya kamera,

Marahaba kwa shikamoo zenu. Salamu za leo zitakuwa fupi maana nimekasirika, na mzee akikasirika ni heri aseme kuliko kununa.

Kuna klipu inazunguka kwenye simu. Kijana amepanda ukuta wa uzio unaomzidi kimo, mwongozaji anapaza sauti, kijana anaruka na kutua kwenye zege kwa goti la kulia. Mshika kamera anacheka. Mtu wa pembeni anasema, "Rudia." Naye mtoto wa watu anainuka akichechemea, anashika ukuta, anapanda tena. Chini ya klipu ni vicheko na pongezi tupu, kwamba huyu ndiye msanii wa kweli, hana woga. Nimesoma yote hayo nikimtafuta hata mmoja aliyeuliza godoro liko wapi. Sikumwona.

Basi kaeni niwaeleze habari za goti lingine la kulia.

Sarah Bernhardt alizaliwa Paris mwaka 1844, akaigiza tangu ujana wake hadi kufa kwake mwaka 1923. Kwa nusu karne jina lake lilijaza kumbi Ulaya na Amerika. Mwandishi Victorien Sardou alimtungia tamthilia kadhaa, mojawapo ikiwa La Tosca ya mwaka 1887. Mwisho wake mwanamke Tosca, akiwa ameuliwa mpenzi wake, anapanda ukingo wa ngome ya Castel Sant'Angelo mjini Roma na kujirusha. Watazamaji wanaona gauni likitoweka nyuma ya ukuta, basi, pazia linashuka. Nyuma ya ukuta ule panatakiwa pawe na godoro.

Oktoba 1905 Sarah alikuwa Rio de Janeiro, Brazili, akimcheza Tosca huyo. Umri wake ulikuwa miaka 60 hivi, na tamthilia ile alikuwa ameibeba miaka 18, kwa hiyo kuruka huko alikuwa amekuzoea kama mtu anavyozoea ngazi za kwao. Usiku ule akapanda ukingo, akaruka, na godoro halikuwa mahali pake. Alitua kwa goti la kulia, lile lile lililokuwa limeshaumia katika safari za nyuma. Alizimia, akatolewa kwa machela.

Hapo palikuwa pa kusimamisha kila kitu. Yeye alikataa kutibiwa katika hospitali ya pale, akapanda meli kwenda New York. Alipofika mguu ulikuwa umevimba, akalazwa hotelini siku 15. Kisha akaendelea na ziara ya Marekani, na mwaka 1906 huko Texas akacheza ndani ya hema kubwa, kwa sababu umoja wa wenye kumbi ulikuwa umemfungia milango. Watu husimulia habari ya hema kwa kumsifu ujasiri wake, na anastahili sifa hiyo. Ila lile goti nalo lilikuwamo ndani ya hema.

Miaka ikapita na mguu ukaharibika zaidi. Ikafika hatua hawezi kuvuka jukwaa bila kushika kitu, ikabidi samani zipangwe ili kila baada ya hatua chache apate meza, kiti au bega la mwenzake. Maumivu yalipomshinda alimsihi rafiki yake, daktari Samuel Pozzi, mguu ukatwe. Februari 22, 1915, mjini Bordeaux, ukakatwa juu ya goti. Karibu miaka kumi kutoka godoro lililosahaulika hadi msumeno wa daktari.

Sasa sikilizeni jinsi godoro linavyotandikwa, maana naona hamjafundishwa, na aliyepaswa kuwafundisha yuko bize kukodi droni.

Kwanza urefu. Ukuta usiozidi kifua chako, mwigizaji aliyefanya mazoezi anaweza kuuruka. Unaozidi kimo chako si kazi yako, mwachie mtu aliyefundishwa kuanguka. Tena kamera haihitaji uruke ukuta mrefu. Simama juu ya stuli fupi, kamera iwe chini ikiangalia mbingu, na mtazamaji ataamini uko ghorofani. Ruka kutoka kwenye stuli utoke nje ya picha. Kata. Picha ya pili umelala chini, vumbi likitulia juu yako. Hakuna mfupa uliovunjika, na tukio limekamilika.

Pili, magodoro yenyewe. La springi halifai, linakurusha. Sponji ndiyo, lakini si ile iliyolaliwa hadi ikawa kama chapati. Lipime hivi: piga goti juu yake kwa uzito wako wote, na ukihisi sakafu, litoe. Kwa ukuta wa kifuani tafuta magodoro manne ya inchi 6 au 8. Mawili magumu yawe chini, yakae sambamba. Mawili laini yakingame juu yao ili pale yanapokutana ya chini pafunikwe, kwa sababu mguu ukizama katikati ya magodoro mawili kifundo kinabaki humo huku mwili unaendelea na safari. Yafunge kwa kamba, funika yote kwa turubai moja lililovutwa vizuri. Kama sakafu ni ya vigae, tandika zulia la mpira chini yake, la sivyo mzigo wote utateleza unapotua.

Tatu, kutua. Usitangulize magoti wala viganja. Nyayo zote mbili pamoja, magoti yamelegea, na papo hapo unakaa na kujiviringisha ubavuni, kidevu kifuani, mikono umeikunja. Fanya zoezi mara kumi kutoka kwenye stuli kabla ya kugusa ukuta, na ulifanye ukiwa umevaa nguo ile ile ya igizo. Gauni refu hunasa kisigino wakati unaruka, na hilo hutalijua ukifanya mazoezi na suruali.

Nne, na hapa ndipo lilipoharibikia Rio: mtu wa godoro. Awe mmoja, ajulikane kwa jina, na usiku huo asipewe kazi nyingine. Nyuma ya pazia ni mahali pa kupitisha vitu. Meza inapita, ngazi inapita, mtu anasogeza godoro kidogo apate njia, halafu anasahau. Kwa hiyo piga alama nne za tepu nyeupe sakafuni kwenye kona zake. Godoro likaguliwe kabla watazamaji hawajaingia, likaguliwe tena kabla ya sehemu ya mwisho kuanza. Kisha wewe mwenyewe ukiwa juu, kabla ya kuruka, sikia sauti kutoka nyuma: "Lipo!" Usitegemee macho. Umetoka kwenye taa kali, na huko nyuma kuna giza, kwa sekunde kadhaa huoni kitu. Sauti isipokuja, huruki. Uwe na mwisho wa pili ulioufanyia mazoezi: jifanye unajichoma kisu, au kimbia utoke upande wa kushoto, lolote. Waliokaa ukumbini hawajui kilichoandikwa.

Na ukishaumia, usiinuke uendelee ili upigiwe makofi. Laza mguu, uinue, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20. Jamani, msikimbilie kuchua! Goti lililoumia sasa hivi halikandwi kwa maji moto wala halivutwivutwi na mzee wa mtaani mwenye mafuta, unaongeza damu na uvimbe ndani. Ukishindwa kukanyagia, likivimba ndani ya saa chache, au likiwa linalegea unapotembea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wala picha ya eksirei ikionyesha mfupa mzima usishangilie, kano za ndani hazionekani humo. Mwombe daktari azipime kano hizo kwa mikono na vipimo vingine.

Najua mtasema: mzee, tukikataa kuruka wataitwa wengine. Najua. Naijua njaa ya anayesubiri kuitwa. Sina hasira nanyi kiasi hicho. Nina hasira na mtu mzima mwenye pesa ya kukodi gari la kifahari la kupigia picha ya bango, halafu hana magodoro manne ambayo angeweza kuyaazima vyumbani mwenu wenyewe. Nina hasira na mkataba unaotaja siku za kurekodi na kunyamazia bima. Na nina hasira nasi watazamaji tuliojifunza kuita maumivu ya mtu kipaji. Mwanangu anayeanguka kwenye zege hajaigiza kuanguka, ameanguka tu.

Mengine ya kujifunza kwa Sarah nayataja kwa haraka. Usiku wake wa kwanza Comédie-Française, jumba kubwa la maigizo la Paris, mwaka 1862, wahakiki hawakumwona wa maana. Miaka 12 baadaye aliiteka nyumba ile ile kwa tamthilia ya Phèdre. Mwaka 1863 alimzaba kibao mwigizaji mwenzake mkubwa na ikabidi aondoke, basi zuieni mikono. Mwaka 1880 alipanda jukwaani na igizo ambalo mazoezi yake hayakutosha, likaanguka, akajiuzulu kwa hasira, mahakama ikamtoza faranga 100,000. Someni mkataba kabla ya kuuvunja. Mwaka 1893 alichukua ukumbi wake mwenyewe, na mwaka 1899 akachukua mkubwa zaidi, akauita kwa jina lake. Alipoona bango alilolichora kijana Mucha alimfunga kwa mkataba wa miaka sita.

Baada ya kukatwa mguu hakustaafu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwachezea askari wa Ufaransa karibu na mapigano, akibebwa kwenye kiti. Mguu wa bandia aliukataa. Filamu yake ya mwisho ilipigwa nyumbani kwake Paris katika siku za mwisho wa uhai wake. Mkitaka kumsifu kwa hayo msifuni, nami namsifu pamoja nanyi, moyo ukiniuma.

Lakini kuna filamu nyingine nataka muitazame, ile ya mwaka 1912 anapocheza Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Haina sauti, na kamera haisogei. Ilikuwa miaka saba baada ya Rio, mguu bado anao lakini ni mbovu. Nendeni moja kwa moja kwenye kifo cha malkia. Anasimama, anayumba, anainua mikono, anaanguka kifudifudi kwa mbele, mwili mzima. Msimwangalie yeye kwanza. Angalieni sakafuni pale atakapoangukia, kabla hajaanguka: mito imerundikwa, mikubwa, mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyejali kuificha.

Ni mimi, mzee wenu.