Taa za LED nazo hutoa joto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wenzangu tunaokuza mboga na miche ndani ya nyumba, hasa hapa Kampala na vitongoji vyake, ambako kiwanja kimekuwa ghali na baadhi yetu tumegeukia stoo, gereji na vyumba vya uani vyenye taa za LED. Wauzaji huzisifu kuwa ni taa baridi, na mnunuzi akishasikia hivyo huona hana haja ya kufikiria joto. Sifa hiyo ilinitia hasara mimi mwenyewe, na sipendi kuona wengine wakiipata.

Taa ya LED ni baridi kwa maana moja tu, kwamba upande unaotazama mmea hauchomi kama zilivyokuwa balbu za zamani za sodiamu. Joto lake hutokea nyuma, kwenye bamba la alumini, likapanda hewani. Hata taa iliyotengenezwa vizuri hugeuza takriban nusu tu ya umeme kuwa mwanga, na nusu nyingine huwa joto papo hapo. Mwanga wenyewe nao, ukishamezwa na majani, udongo na kuta, karibu wote huishia kuwa joto. Kwa hiyo taa nne za wati 100 kila moja, zikiwa katika chumba kilichofungwa, ni sawa na hita ya wati 400 inayowaka kwa saa zote ambazo taa zimewashwa. Sehemu ya joto hilo huondoka na maji yanayotoka majanini kama mvuke, lakini mvuke usipopata pa kutokea huleta unyevu mzito, na baada ya unyevu huja ukungu.

Stoo yangu ina paa la bati, na matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha nilikuwa nimeyaziba kwa kuogopa wadudu. Siku moja saa nane mchana, kipimajoto nilichokining'iniza katikati ya letusi kilionyesha nyuzi 36, ilhali letusi hustawi kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Kingo za majani zilikuwa zimeungua, na mimea mingine ilikwisha kurefuka ikitaka kutoa maua, majani yake yakawa machungu. Nilidhani mwanga ni mkali mno, nikazipandisha taa juu. Hali haikubadilika, kwa sababu tatizo lilikuwa joto la hewani.

Ni muhimu kuzitofautisha dalili hizi mbili. Mwanga ukizidi, majani ya juu yaliyo karibu na taa ndiyo hupauka na kuwa meupe, hata kama chumba kina ubaridi, na yale ya chini yaliyo kivulini hubaki mazima. Joto likizidi, mimea yote hulegea, hata ile iliyo pembeni ambako mwanga ni hafifu. Miche inayorefuka na kuwa na shina jembamba, kwa upande wake, mara nyingi inalilia mwanga. Wapo wanaopima kwa kuweka kiganja chini ya taa, desturi iliyofaa enzi za balbu za sodiamu. Chini ya LED kiganja kinaweza kusikia ubaridi huku jani likipauka.

Dawa niliyoipata haikuwa ghali. Niliyafungua matundu yale, nikayawekea wavu wa chandarua, nikatoboa tundu jingine chini karibu na sakafu ili hewa baridi iingie huku hewa moto ikisukumwa nje kwa feni ndogo iliyo juu. Feni ya pili hupepea majani polepole, nayo ina faida zaidi ya kupoza, maana jani lisilopitiwa na hewa halivuti maji sawasawa, na kalsiamu husafiri pamoja na maji hayo. Ikikosekana, ncha za majani machanga ya letusi huungua. Draiva za taa, yaani visanduku vinavyozigawia umeme, nilizihamishia nje ya chumba, kwa kuwa nazo hutoa joto, na zikikaa kwenye joto huharibika mapema.

Lakini kilichosaidia kuliko vyote ni kubadilisha saa. Mmea ulio ndani hauna sababu ya kufuata jua. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi kiasi kwamba bati lililokuwa likichoma mchana hupoa upesi. Sasa taima huwasha taa zangu saa moja jioni na kuzizima saa tano asubuhi, hivyo mimea hulala gizani wakati wa jua kali. Nisingemshauri mtu aziache ziwake saa 24, kwani majani ya nyanya, kwa mfano, hugeuka manjano yakinyimwa giza.

Kuhusu kiasi cha mwanga, tusidanganywe na lumeni, ambazo hupima mwanga kwa jicho la binadamu. Kipimo cha mmea ni maikromoli, yaani hesabu ya chembe za mwanga zinazoufikia, kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri hufikia karibu 2,000, ilhali letusi hutosheka na 200 kwa saa 16, yaani takriban moli 11.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku (moli moja ni maikromoli milioni moja).

Hapo ndipo ninapoliomba Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, liwatake waagizaji waandike kwenye boksi wati halisi zinazovutwa na taa pamoja na maikromoli inazotoa. Nimenunua boksi lililoandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa, na taa yenyewe nilipoipima ilivuta wati 110. Mkulima anayehesabu yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, na ukubwa wa feni kwa kutegemea namba kama hiyo hawezi kupata jibu lolote la kweli.

Mkulima wa mboga,
Ntinda, Kampala