Jicho la mashine haliko kwenye projekta

Ndugu Mhariri,

Tangu nistaafu sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipoharibu habari za mkonge. Lakini ile taarifa yenu ya wanafunzi wa chuo kikuu kufundishwa "teknolojia mpya" ya viwanda vinavyojiendesha imenishinda. Mpya! Hiyo PLC mliyoipamba kwa picha, kompyuta ndogo ya kuendesha mashine za kiwanda, ilibuniwa Marekani mwaka 1968, General Motors walipochoka kusuka upya nyaya za makabati ya relei, yaani swichi zinazowashwa na umeme, kila muundo wa gari ulipobadilika. Ndiyo maana programu yake huchorwa kama ngazi, ili fundi umeme aisome kama mchoro wake wa zamani. Nimeisoma hivyo miaka ishirini, kwa cheti cha ufundi tu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, kiwanda kimoja hapa Tanga (sikitaji), tuliletewa kijana wa fildi, mwaka wa tatu, adabu tele. Mkanda wa mifuko ukasimama. Akafungua laptopu, akaanza kusaka hitilafu kwenye programu. Nikamwacha. Saa nzima! Mifuko imerundikana, msimamizi wa zamu anafoka kwenye simu, mimi nimekalia ndoo namtazama. Nikamuuliza, "Mwanangu, jicho la mashine liko wapi?" Akanipa maana ya sensa, ndilo hilo jicho linaloona mfuko ukipita, neno kwa neno. "Sikuulizi maana yake, nakuuliza liko wapi." Hajui. Lilikuwa hatua mbili nyuma yake, limezibwa na vumbi, PLC ikadhani mfuko umekwama, ikasimamisha kila kitu kama ilivyoagizwa. Nikalifuta kwa pindo la shati, nikabonyeza riseti, mkanda ukaondoka. Mtoto wa watu karibu alie: "Babu, mie hivi vitu nimeviona kwenye projekta tu." Miaka mitatu, na ada analipa!

Mhadhiri wa kumkagua alikuja mara moja. Watanga tunasema waja leo waondoka leo. Huyu hata hiyo leo hakuimaliza. Soda, sahihi, basi la saa nane. Na mameneja wetu nao, mwanafunzi wa fildi kazi yake kutoa fotokopi na kufuata chapati, huku paneli nzima yenye kontakta (swichi kubwa za kuwashia mota) zinazofanya kazi inapakiwa kwenye guta kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kwa kilo!

Nashauri kila mwanafunzi apewe kontakta kuukuu, sensa moja, PLC hata ya mtumba, na ndoo ya vumbi la saruji. Mwalimu aharibu usiku, mwanafunzi atengeneze asubuhi kabla ya chai. Projekta ipelekwe ukumbi wa harusi.

Fundi umeme mstaafu,
Ngamiani, Tanga