Ufunguo Umebaki Ndani: Gari la Zamani Hufunguliwaje Bila Kuharibu Mlango

Kabla ya kutupigia simu, zunguka gari zima. Jaribu kila mlango, buti likiwemo. Magari mengi yaliyotoka kabla sentro loki (mfumo unaofunga milango yote kwa pamoja) haijaenea yana milango inayojifunga kila mmoja kivyake, na ule wa nyuma wa abiria ndio unaosahaulika. Buti likikubali, kagua kiti cha nyuma: kwenye magari mengi hulala kwa kibonye au kikamba cha kuvuta, na mtu mwembamba anapenya hadi mbele.

Ikishindikana, chungulia kioo na uangalie loki ya ndani ikoje. Hilo ndilo swali letu la kwanza kwenye simu, hata kabla ya aina ya gari, kwa sababu ndilo linaloamua njia.

Kama ni pini inayochomoza juu ya mlango na ina kichwa kinene kuliko shingo yake, kamba ya kiatu inatosha. Iwe na urefu wa mita moja au zaidi. Funga kitanzi cha kukaza katikati, kipana kiasi cha kidole gumba kupita. Ipitishe kamba kwenye kona ya juu ya mlango, upande ulio mbali na bawaba, ukiivuta huku na huku mpaka ipenye chini ya mpira. Ncha moja ibaki ukingo wa juu, nyingine ukingo wa nyuma. Shusha kitanzi taratibu hadi kivae pini, vuta ncha zote mbili kikaze, kisha inua. Pini nyembamba laini iliyochongoka kwa juu haitashikika hata ukae mchana kutwa. Watengenezaji waliibadilisha umbo ili mbinu hii isifanye kazi.

Loki ikiwa karibu na kishikio cha ndani, kamba haina msaada. Hapo tunatumia kabari na ufito mrefu. Kabari huingia kona ile ile ya juu, kwani ndiko fremu inakolegea kidogo, na chini yake tunaweka kipande cha plastiki laini kulinda rangi. Uwazi wa unene wa penseli unatosha. Ufito wenye ncha iliyovikwa mpira hupita hapo na kulenga loki, au, kwenye gari lenye vioo vya kuzungusha kwa mkono, ule mkono wenyewe: ukizungushwa kioo kinashuka na kazi imekwisha.

Uharibifu mwingi tunaoletewa hutokea kwenye hatua hii. Kabari ya upepo, yaani kifuko kinachojazwa hewa kutanua uwazi, ikijazwa kupita kiasi hupinda fremu ya mlango. Papo hapo huoni kitu. Baadaye, gari likishika kasi, upepo unapiga mluzi kwenye kona, na mvua ikinyesha zulia linalowa. Bisibisi ndiyo mbaya zaidi: inabandua rangi ukingoni, kutu inaanzia pale pale, na mpira uliokakamaa kwa miaka hukatika badala ya kupinda. Milango isiyo na fremu kuzunguka kioo haitiwi kabari kabisa, maana kioo cha pembeni ni cha aina inayosagika chote kwa mpigo.

Lile bapa la chuma linaloshushwa kati ya kioo na mlango wengi wanaliona ndilo chombo cha fundi. Sisi tunalitumia kwa nadra. Ndani ya mlango, silinda ya kitasa (pale ufunguo unapoingia) imeungwa na lachi (komeo linaloushika mlango) kwa fito nyembamba zinazoshikwa na klipu za plastiki. Plastiki hiyo ikizeeka hukauka na kuwa kama ganda la yai. Ukikwangua kwa kubahatisha, klipu inachomoka, na kuanzia hapo ufunguo unazunguka bila mlango kufunguka mpaka kava la ndani livuliwe. Kuna pia nyaya za vioo vya umeme, na kwenye magari ya miaka ya 1990 kuja huku, baadhi yana vifaa vya mifuko ya hewa ya pembeni humo humo mlangoni. Huko hatuchokonoi.

Baadhi ya magari yana ufungaji wa mara mbili: yakifungwa kwa ufunguo au rimoti kwa namna fulani, pini na vishikio vya ndani vinatenganishwa kabisa na lachi. Utafikia loki kwa ufito, utaisukuma, na hakuna kitakachotokea. Inabaki kuifungua silinda yenyewe kwa vifaa vya ufundi, kazi inayotaka subira.

Kama ufunguo unao lakini haugeuki, usiulazimishe. Silinda ya mlango wa abiria hukaa miaka bila kuguswa na vibati vyake, vile visahani vya ndani vinavyosogezwa na ufunguo, vinaganda. Puliza grafaiti kavu (unga mweusi wa kulainishia), ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa, ndipo ugeuze polepole. Oili nzito inalainisha leo, kesho imeshika vumbi na kuwa uji. Ufunguo ukikatikia ndani, usisukume kipande kilichobaki na usijaribu gundi: gundi hubandika vibati, na silinda iliyokuwa nzima inabidi itolewe.

Mtoto akiwa amefungiwa ndani, sahau yote haya. Ndani ya gari lililo juani joto linaweza kupanda takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa dakika 10. Vunja kioo cha pembeni kilicho mbali naye, ukipiga kona na si katikati, kwa kitu kigumu chenye ncha. Usihangaike na kioo cha mbele. Kina utando katikati na hakitakupa njia.

Funguo zikiwa zimepotea kabisa, kufungua mlango ni nusu ya kazi. Magari mengi ya zamani yana namba ya ufunguo iliyogongwa kwenye silinda ya mlango, hivyo tunaweza kukata mpya kwa vipimo vya kiwandani. Ni bora kuliko kunakili ufunguo uliolika, kwa sababu nakala inarithi ulikaji wake. Angalia pia mwaka wa gari: Ulaya ililazimisha magari mapya kuwa na kizuizi cha kielektroniki cha injini kuanzia Oktoba 1998. Ufunguo wa gari la namna hiyo una chipu, na usiposajiliwa utafungua mlango lakini injini haitawaka.

Tukifika tutaomba kitambulisho na hati ya usajili. Kama hati zimefungiwa humo humo, tunafungua kwanza na kuzikagua kabla ya kukukabidhi gari. Zisipolingana na kitambulisho, tunaufunga mlango tena.