Mama mdogo, mwavuli ule uache Dar

Mama mdogo, shikamoo.

Picha ya begi lako nimeiona. Nimeikuza mpaka nikahesabu: gambuti za kijani, mwavuli mkubwa wa mpini wa mbao, koti zito lenye manyoya shingoni, na khanga sita juu yake. Khanga sina ugomvi nazo. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha kitako kuandika, na naandika hadharani kwa sababu kila Agosti ikikaribia kuna mtu wa kwetu anakuja Edinburgh na begi kama lako, nami narudia maneno yaleyale.

Umeambiwa Uskoti ni mvua tupu, ukajiandaa kwa mvua unayoijua. Sasa sikia: Dar inapata mvua nyingi kuliko Edinburgh. Huku ni kama milimita 700 kwa mwaka. Dar hupita 1,000. Kilichotofautiana ni namna inavyokuja. Masika yetu yanapiga hodi. Wingu linatanda, upepo wa baridi unapita, watu wanaanua nguo, ndipo inashuka ya kumwagwa kwa ndoo. Unajibanza barazani kwa mtu usiyemjua, mnapiga soga mpaka ipungue, na ukichelewa kazini unamkuta bosi naye hajafika. Ya huku haina hodi. Rasharasha dakika kumi, jua robo saa, upepo, manyunyu tena, na wala humwoni mtu amejibanza barazani. Watu wanatembea tu. Ukisema usubiri ikatike, siku zako kumi utazimalizia dirishani kwangu na kikombe cha chai.

Kwa hiyo usijiandalie gharika. Chukua nguo unazoweza kuvaa na kuvua huku unatembea, hata mara nane kwa siku, bila kununa.

Tuanze na mwavuli, maana najua umeulipia. Mwaka wangu wa kwanza nami nilikuja na wa aina hiyo. Kuna daraja linaloitwa North Bridge, linaunganisha mji wa kale na mji mpya, na chini yake kuna stesheni ya treni. Upepo hapo hauna adabu. Nilifika katikati, mwavuli ukageuka bakuli, nami nikaung'ang'ania kama mtu anayeshindana na ng'ombe. Bibi mmoja wa makamo alipita pembeni yangu na kofia yake ya jaketi kichwani, mikono mfukoni, akanitazama kwa huruma ile ya kumtazama mgeni wa ndoa. Siku za upepo angalia mapipa ya taka: miavuli imechomoza mbavu nje kama mifupa ya samaki. Isitoshe unakuja mwezi wa matamasha, yaliyoanza mwaka 1947, na barabara ya Royal Mile itakuwa imejaa kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Mwavuli wako humo utatoboa watu macho.

Usidanganyike pia na lile koti la nailoni pana lisilobana (poncho) wanalouziwa watalii. Upepo ukiliingia kwa chini, linakuwa tanga na wewe mlingoti.

Unachohitaji ni jaketi jepesi lisilopitisha maji, lenye kofia ya kukazwa kwa kamba, linalofika chini ya makalio. Na usilinunue huku. Nenda soko la Karume. Majaketi mazuri ya mvua yanavaliwa huku, yanachokwa, yanaingia kwenye marobota ya mitumba na kuishia mikononi mwa vijana wa Ilala, ambao wanayauza kwa shida kwa sababu Dar nani analihitaji. (Naona raha kufikiri kwamba lako huenda likawa linarudi kwao.) Ila lichunguze. Ligeuze ndani utazame mishono: imezibwa kwa utepe mwembamba, na ukiona utepe unabanduka, liache, maji yataingilia hapo hapo. Pitisha kiganja kwa ndani. Likinata au likitoa magamba kama ukuta uliochakaa, utando wake umekufa, hata uambiwe shilingi elfu tano usilichukue. Halafu omba maji kidogo ya chupa ulidondoshee begani. Matone yakisimama na kubingirika kama maji juu ya jani la mgomba, mpe kijana hela yake. Ukilifua, usitie kilainishi cha nguo. Kinaharibu ule uwezo wa kukataa maji.

Kwa vile unapenda hadithi: aliyefanikisha kitambaa cha namna hii ni mtu wa Glasgow, Charles Macintosh, mwaka 1823. Aliyeyusha mpira, akaubandika katikati ya vitambaa viwili. Mpaka leo Waingereza wengine koti la mvua wanaliita kwa jina lake. Inasemekana makoti yale ya mwanzo yalinuka vibaya, na mimi naamini.

Kuhusu nguo za chini yake, usibabaike kununua suruali. Baibui zako zile nyepesi za poliesta ni bora kuliko jinzi ninazoziona miguuni mwa watalii. Jinzi ikilowa inakuwa nzito kama nguo iliyotolewa kwenye beseni la kufulia na haikauki mpaka kesho. Tatizo la baibui ni pindo. Linafagia lami yote na kunyonya maji mpaka magotini. Kunja pindo lipande vidole vinne, ulishone kwa uzi mrefu wa kufumua ukirudi, na ndani vaa taiti. Sweta moja jepesi linatosha, kwani mchana wa Agosti hapa ni nyuzi 19 hivi, kama alfajiri ya Julai huko Dar. Lile koti la manyoya litakupikia jasho kwenye vilima, na mji huu wote ni vilima. Mtandio uwe wa pamba, uingie vizuri chini ya kofia ya jaketi, na usiwe ule unaoteleza.

Gambuti ni karibu kilo mbili za bure. Mawe ya barabara za kale yakilowa yanateleza, kwa hiyo chukua jozi mbili za viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira yenye meno, uvae kwa zamu. Kilicholowa jioni tunakijaza magazeti, asubuhi kimekauka. Soksi ndizo za kuzidisha. Kila siku weka jozi kavu kwenye mkoba, kwa sababu tutaswali adhuhuri msikiti mkuu wa hapa, karibu na chuo kikuu, na sitaki uache nyayo za maji kwenye zulia la watu kama nilivyofanya mimi. Magharibi, kwa taarifa yako, ni saa tatu usiku na jua ndiyo kwanza linazama. Utazoea.

Pasipoti na simu zinataka mfuko wa nailoni ndani ya mkoba. Usihangaike kuutafuta huko. Mifuko ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 na sitaki uanze safari kwa maelezo. Nitakuwekea hapa nyumbani.

Kuna siku utachungulia dirishani usione mvua, useme jaketi la nini. Livae. Ukungu unaotoka bahari ya Kaskazini, wenyewe wanauita haar, unaingia mjini kimya kimya na kukulowesha nyusi bila tone kudondoka. Na siku ile tutakayokwenda Glasgow kwa rafiki yako, treni haifiki hata saa nzima, lakini ni mvua nyingine kabisa. Wao wako upande wa magharibi, pepo za Atlantiki zinawashushia mzigo kabla hazijatufikia sisi. Huko milimita zinapita 1,000, kama za Dar. Labda utajisikia nyumbani.

Ikizidi, nina pa kukuficha: Makumbusho ya Taifa ni bure, ina joto, na ina viti.

Mwavuli mwachie Baba mdogo, vuli haiko mbali. Na pale zilipokuwa gambuti, nijazie ubuyu. Ule mwekundu, wenye pilipili.