Usigawe Zile CD Bado

Swahiba,

Salamu nyingi, na shemeji mfikishie zake. Natumai homa ya mtoto imepoa. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, na pale uliposema CD za muziki ulizokwisha kunakili kwenye kompyuta utampa yule bwana wa Magomeni mwisho wa mwezi, nikaona nikuandikie leo leo. Tafadhali, usitoe hata moja bado.

CD ya muziki si sawa na CD ya data. Kila kipande cha CD ya data kina baiti 2,048 za data yenyewe, na sehemu kubwa ya nafasi inayobaki ni ya kugundua na kusahihisha makosa. Kwenye CD ya muziki kipande hicho kina baiti 2,352, zote sauti. Tabaka hilo la ziada la ulinzi halipo. Draivu, yaani kifaa cha kusomea CD, ikikuta mkwaruzo mkubwa hukisia na kusonga mbele, na kompyuta haikwambii neno. Kwa hiyo kunakili kufika asilimia 100 si ushahidi kwamba umepata kila kilichomo. Tena hizo 40 ulizomaliza ni MP3, faili linalobana sauti kwa kutupa sehemu yake, na sauti iliyotupwa hairudi hata ukiigeuza FLAC, faili linalobana bila kutupa kitu. Itabidi uzirudie, pole sana.

Kwa Windows chukua Exact Audio Copy, programu ya kunakili CD, ni ya bure. Chagua hali ya usomaji salama: kila kipande kinasomwa angalau mara mbili, na matokeo yasipolingana kinarudiwa. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Draivu nyingi huhifadhi kwa muda kilichotoka kusomwa, kwa hiyo ukiomba mara ya pili inakupa kilekile cha kwenye kumbukumbu yake bila kuigusa diski. Kosa linalingana na kosa, na programu inaridhika. Iache programu ichunguze draivu yako kwanza, na ikisema draivu ina tabia hiyo, weka alama ya kuizuia kwenye mipangilio yake.

Halafu kuna ofseti. Kila aina ya draivu huanza kusoma mapema kidogo au kuchelewa kidogo. Nyingine sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 6, nyingine zaidi ya 600. Sekunde moja ina sampuli 44,100, kwa hiyo sikio halitajua, ila AccurateRip itajua. Hiyo ni hazina ya namba za uhakiki zilizotumwa na watu walionakili diski hizohizo kwa draivu zao. Namba yako ikilingana na za watu kumi ambao hamjuani, nakala ni safi, basi. Anza na CD tatu nne za kimataifa zilizouzwa sana, programu itaitambua ofseti yenyewe.

Taarabu na dansi zako nyingi hazitakuwamo humo. Kwa hizo tumia njia ya kupima kisha kunakili: wimbo unasomwa wote mara mbili, na namba mbili za CRC, yaani namba za uhakiki za usomaji huo, lazima zifanane. Zikitofautiana, toa diski, safisha, jaribu tena, ikiwezekana kwa draivu nyingine. Na kila CD, ripoti yake ya kunakili ihifadhi ndani ya folda yake. Bila ripoti hiyo, CD isiondoke nyumbani.

Usafi nao: kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono, maana data imepangwa kwa mzunguko na mkwaruzo unaoifuata njia hiyo unaharibu mfululizo mrefu. Dawa ya meno iwe ya mwisho kabisa, na upande wa chini tu. Upande wenye maandishi ndio dhaifu zaidi. Safu inayoakisi mwanga iko chini ya rangi nyembamba mno. Inua diski mbele ya taa: ukiona vitundu vinapenya mwanga kama nyota, hapo data haipo tena, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Zile za kuchomwa mtaani, nyingi zilitoka kwenye MP3. Fungua wimbo mmoja kwa Spek, programu inayochora masafa ya sauti, uangalie mchoro: sauti ikikatika kama kwa kisu karibu na kilohezi (kHz) 16, yaelekea asili yake ni MP3. Nakili tu, lakini andika hivyo kwenye maelezo ili usijidanganye baadaye. Na ile iliyoandikwa nyimbo 150 si CD ya muziki, ni mafaili. Kopi folda kama lilivyo.

FLAC iache kiwango cha kubana cha 5. Cha 8 kinapunguza ukubwa kidogo sana na sauti ni ileile. Kadiria MB 350 kwa CD. Zako 600 ni kama GB 210. Nunua diski za nje mbili, moja ikae kwa dada yako. Kila faili la FLAC lina MD5, namba ya uhakiki ya sauti yake, kwa hiyo hata baada ya miaka unaweza kulipima kama limeharibika. Majina ya nyimbo andika kutoka kwenye kijitabu; bendi moja ikiandikwa kwa njia tatu utaipata mara tatu kwenye orodha.

Dakika 15 kwa CD moja ni saa 150. Mwisho wa mwezi hufiki, ndiyo maana nakusihi kuhusu yule bwana. Umekwisha mwahidi? Anaweza kungoja miezi miwili, achukue zenye ripoti safi tu? Draivu yako ni ya aina gani, nikutafutie ofseti? CD za marehemu mzee zimo kwenye makasha au zimerundikwa kwenye mfuko? Na ile ya harusi ya Tanga, umeiangalia kwenye taa?

Nijibu hata kwa mistari miwili.

Ni mimi swahiba wako