Tusishushe ulinzi wa mtandao kwa ajili ya kompyuta kuukuu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie ushauri mmoja ambao baadhi ya mafundi wa kompyuta wamekuwa wakiutoa kwa miaka mingi, na ambao naamini una madhara. Mtu anapopeleka kompyuta mpakato ya zamani ambayo inawaka vizuri lakini inakataa kuingia kwenye mtandao wa Wi-Fi, huambiwa ama aitupe na kununua mpya, ama alegeze ulinzi wa ruta yake, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, mpaka hiyo kuukuu ikubali. Ushauri huo wa pili nimeusikia kwa masikio yangu mara mbili, miaka mingi ikiwa imepita kati ya mara ya kwanza na ya pili, na mara zote kosa lilikuwa lilelile: ugonjwa ulikuwa kwenye kompyuta, dawa ikapakwa kwenye ruta.

Mara ya kwanza kompyuta ilikuwa yangu, nayo ilitumia Windows XP yenye pakiti ya pili ya marekebisho, ile iliyotoka mwaka 2004. Jina la mtandao lilionekana bila shida, lakini kila nilipojaribu kuingia ilikataa. Fundi akafungua mipangilio ya ruta, akaondoa WPA2, ulinzi imara wa Wi-Fi, na kuweka WEP, ulinzi wa kale na dhaifu, na papo hapo kompyuta ikaunganika. Nilimshukuru kwa moyo wote. Siku chache baadaye nikagundua kwamba vifaa vingine vyote vya nyumbani, hata vilivyokuwa vipya, vimekuwa vizito. Ilinichukua muda kuelewa sababu: kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n, kilichoidhinishwa mwaka 2009, hakiruhusu kasi zake kubwa zitumike pamoja na WEP, kwa hiyo kifaa chenye uwezo huo hulazimika kurudi kwenye megabiti 54 kwa sekunde za kizazi cha mwaka 2003. Nyumba nzima ilikuwa imerudishwa nyuma kwa ajili ya mashine moja.

Kasi lakini ndiyo iliyokuwa hasara ndogo. WEP ilikuja pamoja na kiwango cha kwanza cha 802.11 mwaka 1997, na kufikia mwaka 2001 wataalamu Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walikwisha kuchapisha udhaifu ulio katika namna inavyotumia ufunguo wake wa siri. Tangu hapo mbinu zimeboreshwa hadi ufunguo wa WEP unaweza kupatikana kwa dakika chache, kwa programu ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bure, akiwa amekaa nje ya ukuta wako na kompyuta ya kawaida. Akishaingia, anatumia mtandao wako kwa jina lako, anaviona vifaa vyako vingine, na anasoma kila kinachopita bila kusimbwa. Mimi niliishi hivyo kwa wiki kadhaa bila kujua. Na tiba halisi ilikuwa nyepesi: pakiti ya tatu ya marekebisho ya Windows XP, iliyotoka mwaka 2008, ilikuwa na WPA2 ndani yake. Nilipoiweka, ruta ikarudishiwa ulinzi wake na kompyuta ikaingia kama kawaida.

Mara ya pili ni ya hivi karibuni. Mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi, alipewa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, nzima kabisa, na nyumbani kwao wakawa wamewekewa ruta mpya iliyopangwa kutumia WPA3 peke yake. WPA3, ulinzi uliokuja baada ya WPA2, ilitangazwa mwaka 2018, na kadi ya Wi-Fi ya kompyuta ile ilitengenezwa miaka mingi kabla ya hapo. Fundi waliyemwita, ambaye si yule wa kwanza, aliwashauri waondoe nenosiri na kuuacha mtandao wazi, kwa maelezo kwamba majirani zao ni watu wema. Mpwa wangu alinipigia simu kabla hawajafanya hivyo, nami ninashukuru kwamba alipiga.

Ningependa wasomaji wako waelewe kwa nini ushauri huo haukuwa na haja. WPA2 ilianza mwaka 2004, na tangu Machi 2006 kila kifaa kipya kilichotaka kupewa cheti cha Wi-Fi kilipaswa kuwa nayo. Maana yake ni kwamba karibu kila kompyuta mpakato ambayo bado inafaa kutumika leo ina uwezo wa kuzungumza na ruta kwa ulinzi wa kuaminika. Hakuna sababu ya kuirudisha kwenye WEP, sembuse kuacha mlango wazi. Ruta nyingi za sasa zina mpangilio wa kuchanganya WPA2 na WPA3, na mara nyingi huo unatosha. Ikiwa kompyuta bado inakataa hata kwenye mchanganyiko huo, kama ilivyokuwa kwa mpwa wangu, njia ninayoipendelea ni kuwasha mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi wanao, na kuupa WPA2 yenye usimbaji wa AES na nenosiri refu la peke yake. Kompyuta ya zamani inakaa huko, vifaa vipya vinabaki kwenye WPA3, na hakuna anayepoteza kitu.

Si kila kukataa kunatokana na ulinzi, na hapa ndipo ninapowalaumu zaidi wale wanaotoa hukumu bila kupima. Kuna tofauti kubwa kati ya kompyuta inayoona jina la mtandao lakini inashindwa kuingia, kompyuta isiyoliona jina hilo kabisa ingawa inaona majina mengine, na kompyuta isiyoona mtandao wowote. Swali hilo moja, fundi akiliuliza kabla ya kushika bisibisi, linaondoa nusu ya kazi.

Kompyuta inayoona mitandao ya jirani lakini si wa kwako huenda haina kasoro yoyote. Kadi nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu, ilhali ruta mpya huweza kuwa imepangwa kutangaza jina lake kwenye gigahezi 5 peke yake. Kuwasha masafa ya gigahezi 2.4 kwenye ruta kunamaliza tatizo. Lipo pia jambo la chaneli, ambalo nimekuta wachache wanalolijua: Marekani chaneli zinazotumika kwa kawaida kwenye masafa hayo ni 1 hadi 11, wakati Ulaya na sehemu nyingine nyingi za dunia huruhusu mpaka 13. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ikikutana na ruta iliyojichagulia chaneli ya 12 au 13, huenda isiuone mtandao huo hata ukiiweka juu ya ruta yenyewe. Ruta ikipangwa kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, jina linajitokeza.

Kompyuta isiyoona mtandao wowote, kwanza itazamwe pembeni. Mashine nyingi za miaka ile zilikuwa na swichi ndogo ya kuzima redio, ubavuni au mbele chini ya kibodi, na nyingine hutumia kitufe cha Fn pamoja na kimojawapo cha vile vya juu. Nimeona kompyuta iliyokaa kabatini mwaka mzima kwa sababu ya swichi iliyosukumwa na mkoba.

Swichi ikiwa sawa, tuhuma inahamia kwenye programu inayoendesha kadi, ile inayoitwa draiva. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu draiva inapatikana kwenye intaneti na intaneti ndiyo inayokosekana. Lakini waya wa mtandao bado upo, na tundu lake liko kwenye karibu kila kompyuta mpakato ya zamani. Wasio na ruta karibu wanaweza kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha mpangilio wa kugawa intaneti kwa njia hiyo. Mifumo mingi huitambua simu kama kadi ya mtandao, na kazi ya kutafuta draiva inaanza.

Na draiva itafutwe kwa namba ya kadi, isitafutwe kwa jina la kompyuta, maana kompyuta za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Kila kadi hubeba namba mbili za utambulisho, ya kwanza ikiwa ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros, 10ec ni Realtek. Windows huzionyesha kwenye maelezo ya kifaa ndani ya orodha ya vifaa, hata kadi ikiwa na alama ya mshangao, na kwenye Linux, mfumo huria unaoweza kutumika badala ya Windows, amri ya lspci -nn huzitoa kwa sekunde moja. Mtu aliyezishika namba hizo amekwisha kutoka gizani.

Wanaohamia Linux, na kwa kompyuta kuukuu nadhani ni uamuzi mzuri, wanapaswa kujua jambo moja la ziada. Kadi nyingi hazifanyi kazi mpaka zipakiwe faili dogo la maelekezo la mtengenezaji kila zinapowashwa, na kwa muda mrefu baadhi ya mifumo ilikataa kuweka mafaili hayo kwenye diski ya kusakinishia kwa sababu si programu huria. Kadi za Broadcom za zamani zilijulikana sana kwa usumbufu huo. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilipiga kura mwaka 2022 kubadili msimamo wake, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 mafaili ya namna hiyo yamo kwenye diski rasmi. Baadhi ya kadi bado zinahitaji hatua ya mkono, lakini aliyejaribu zamani akashindwa ana sababu ya kujaribu tena.

Kadi ikiwa imekufa kweli, hata hapo kompyuta haijafa. Katika mashine nyingi kadi ni kipande kidogo kilichofungwa kwa skrubu moja au mbili chini ya kifuniko, na hubadilishwa kwa dakika chache, mradi nyaya nyembamba za antena zinazopanda hadi kwenye skrini zirudishwe mahali pake. Kikwazo ni kwamba baadhi ya watengenezaji waliweka ndani ya BIOS, programu ya kwanza kuendeshwa kompyuta inapowashwa, orodha ya kadi wanazozikubali, na kompyuta ikikuta kadi ngeni inagoma kuendelea kuwaka. Sioni sababu inayotosha kumzuia mwenye mali asirekebishe mali yake. Kwa waliokumbwa na hilo, kadi ndogo ya kuchomeka kwenye USB inasaidia. Lakini waangalie kwamba tundu ni la USB 2.0, lenye megabiti 480 kwa sekunde, kwa kuwa lile la USB 1.1 huishia kwenye 12.

Lipo pia tatizo linalofanana na Wi-Fi mbovu ambalo halihusiani nayo kabisa. Kompyuta imeunganika, alama zote ni nzuri, lakini kurasa zinagoma kufunguka kwa maonyo ya usalama. Mara nyingi betri ndogo ya saa imekwisha na tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, hivyo vyeti vya tovuti, vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ile inayodai kuwa, vinaonekana kama havijaanza kutumika. Au vyeti vya msingi vilivyohifadhiwa ndani ya mfumo, ambavyo hutumika kuthibitisha vile vya tovuti, vimepitwa na wakati, kama ilivyotokea tarehe 30 Septemba 2021, muda wa cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi sana ulipokwisha na vifaa vya zamani vikashindwa kuzifungua. Kubadili kadi hakusaidii lolote hapo.

Sisemi kwamba kila mashine irudishwe mtandaoni kama ilivyo. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kuziunganisha mashine hizo bila kubadili mfumo ni kosa la aina ileile ninayoilalamikia, na hata ile XP yangu niliiacha zamani. Lakini mfumo hubadilishwa, na vifaa hubaki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilieleza kwamba taka za kielektroniki duniani zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na kwamba zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelewa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Inaniuma kufikiri ni mashine ngapi nzima zilizomo ndani ya lundo hilo kwa sababu ya swichi, chaneli au draiva.

Kwa hiyo nina maombi. Watengenezaji wasifute kurasa za draiva za mashine zao za zamani, kwa kuwa kuhifadhi mafaili hayo kunawagharimu kidogo sana ukilinganisha na hasara ya mwenye kompyuta. Mafundi waandike kwenye risiti jina la kadi waliyoikuta na kipimo walichofanya kabla ya kusema kwamba mashine haifai. Na msomaji yeyote ambaye ruta yake iliwahi kushushwa hadi WEP, au kuachwa bila nenosiri, ili kompyuta moja ipate kuingia, namwomba afungue mipangilio yake leo, arudishe WPA2 yenye AES au WPA3, abadili nenosiri, kisha ndipo arudi kuishughulikia kompyuta.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi